Mwamba Uliobaki na Nyasi

Hadithi i mlangoni!

— Ifungulieni, iingie!

Imetoka mbali, ina njaa!

— Ikae, ile nasi!

Nikiimba je?

— Tutakuitikia!

Haya, sogeeni. Na huyo anayesinzia pale nyuma mwambieni aje mbele, maana kisa cha leo hakina ngoma wala harusi. Mimi mwenyewe kinaniuma kila ninapokisimulia, na sitakipaka sukari kwa ajili yenu.

Hapo zamani, zamani sana, babu wa babu yangu hajaota jino, kulikuwa na mwamba mkubwa katikati ya mbuga. Juu ya mwamba ule walikaa pimbi. Pimbi mnawajua. Wanyama wadogo, wanene, hawana mkia, wakiota jua asubuhi utadhani mawe yameota manyoya. Hawana kucha za kupigania wala mbio za kufika mbali. Walikuwa na vitu viwili tu vya kuwaweka hai, lundo na mbinja.

Lundo lilikuwa hivi. Pimbi hana joto la kumtosha peke yake. Jua likizama waliingia pangoni wakajibana, huyu mgongoni mwa yule, wazee chini, watoto juu, joto la mmoja likawa la wote. Asubuhi wakatoka wote wazima.

Na mbinja ilikuwa hivi. Wenzake wakishuka kula nyasi, pimbi mmoja alibaki kileleni, akitazama juu, akitazama chini. Akimwona adui alipiga mbinja tatu, na kabla ya ile ya tatu kuisha kila mtu alikuwa ndani ya ufa. Kazi hiyo haikufundishwa kwa maneno. Mwanafunzi alikaa ubavuni mwa mlinzi misimu mitatu, akatazama mlinzi anakotazama, akanyamaza mlinzi anaponyamaza, mpaka macho yake yakazoea.

Mlinzi wa wakati huo aliitwa Wakesho. Alifundishwa na shangazi yake, na shangazi alifundishwa na wa kwake. Kila siku alikaa kileleni akawaimbia wanaokula, na nyinyi mtaniitikia:

Nyasi fupi, naona mbali.

— Kuleni, wanangu, kuleni.

Juu kweupe, chini kweupe.

— Kuleni, wanangu, kuleni.

Basi pimbi wakala, wakazaa. Wakazaa, wakajaa. Wakajaa mpaka mwamba ukafurika watu. Ukigeuka unamkanyaga mtoto wa jirani, ukipiga miayo mwenzako anakutilia mkia, kama angekuwa nao. Pangoni wa chini walikosa pumzi. Nyasi za karibu zikaisha. Wakaenda mbali kidogo, zikaisha. Wakaenda mbali zaidi, mpaka kwenye mto mkavu, ambako hapana ufa wala jiwe la kujificha.

Na juu alikuwako Tai. Tai alikuwa na kiota chake kwenye mti mkavu, na mwaka ule alinenepa.

Wakesho alikuwa na watoto watatu. Wa kwanza alikufa kwa njaa, maziwa yalipokatika, akafa mdomo ukiwa bado titini. Wa pili alishuka kwenda kula kwenye mto mkavu. Wakesho alimwona Tai. Akapiga mbinja ya kwanza, akapiga ya pili, akapiga ya tatu, mbinja nzuri kabisa, lakini mtoto hakuwa na pa kukimbilia. Alisimama katikati ya mchanga akamtazama mama yake kule juu. Akabaki wa tatu, binti, jina lake Mkawasi.

Tangu siku ile Wakesho alikaa kileleni na jambo moja tu moyoni. Mkawasi asife. Mengine yote, shauri lao.

Njaa ilipozidi, pimbi wakaitana kikao. Aliyesimama kwanza ni Mwadime, dume mwenye kifua kipana na sauti ya kupenda kusikika. Msimcheke. Maneno yake siku ile yalikuwa ya kweli.

"Jamani," alisema Mwadime, "nilipokuwa mdogo nilishuka hatua tatu nikala nikashiba. Leo tunatembea nusu siku. Mwamba haukupungua na mvua haikupungua. Sisi ndio tumezidi. Tukiendelea kuzaa hivi, mwakani tutakula mavumbi. Mimi nasema tusizae masika matatu, nyasi zipumue."

Akasimama Bi Mghoi, mkunga. Nusu ya waliokaa pale yeye ndiye aliyewapokea.

"Mwadime, mwanangu, unahesabu midomo," alisema. "Mimi nilipokupokea sikupokea mdomo peke yake. Ulikuja na macho mawili na mgongo mmoja. Macho hayo ndiyo yatakayokaa kileleni Wakesho akichoka. Mgongo huo ndio utakaonifunika kipupwe kikija. Tukila kwa zamu, tukaotesha nyasi upande wa kaskazini, tutapona. Kazi ipo, lakini tutapona."

"Bi Mghoi, wewe mkunga," Mwadime akajibu. "Tusipozaa utakosa kazi."

Wakacheka. Hata wenye njaa walicheka, na Bi Mghoi akakaa chini.

Basi wakati wanacheka, Tai akapita juu yao, kivuli chake kikatambaa juu ya mwamba, akatua kwenye mti wake mkavu akasema nao.

"Nimesikia mnayozungumza," alisema Tai. "Mimi ni adui yenu, sikatai. Lakini nawaambia zaeni. Mwamba usiokuwa na watoto ni jiwe tu. Zaeni, na yule mkunga msikilizeni."

Kila mama akamvuta mtoto wake karibu. Kisha Mwadime akageuka taratibu akawatazama wenzake.

"Mmesikia?" aliuliza. "Anayetula anatuomba tuzae. Mnataka ushahidi gani mwingine?"

"Hata anayetula anaweza kusema kweli kwa sababu zake," Bi Mghoi alisema, lakini nani wa kumsikia tena? Neno lake lilikwisha kutoka kwenye mdomo wa Tai, likanuka.

Sasa desturi yao ilikuwa kwamba kikao kikigawanyika, mlinzi wa kilele ndiye anayesema la mwisho, kwa kuwa yeye huona mbali. Wakamgeukia Wakesho. Wakesho alimtazama Bi Mghoi, aliyempokea yeye na watoto wake wote watatu. Akamtazama Mkawasi, mbavu zikihesabika. Akamkumbuka yule wa mchangani.

"Tusizae," alisema Wakesho. "Tupumzike kuzika."

Ikawa sheria. Madume wakalala pango la machweo, majike wakalala pango la mawio. Lundo moja likawa malundo mawili, na kwa vile walikuwa wengi bado, hakuna aliyehisi baridi.

Masika ya kwanza yakapita, nyasi zikachipua. Masika ya pili yakapita, nyasi zikafika magotini, na pimbi wakaacha kwenda kwenye mto mkavu. Tai akashuka mpaka karibu, manyoya yamemlegea, akauliza, "Watoto wako wapi?" Wakamwambia, "Hawapo." Masika ya tatu yakapita, na Tai akaacha kiota chake, akaruka kuelekea upande usiojulikana, na hawakumwona tena.

Hiyo siku walicheza. Walikuwa wamemtega Tai kwa njaa yake mwenyewe, na mtego umenasa. Mwadime walimbeba juu juu. Mkawasi alikuwa amenenepa, manyoya yanang'aa, na Wakesho alimtazama akalia kwa furaha. Aliimba siku ile kwa sauti ambayo hajawahi kuwa nayo:

Nyasi za magoti, bado naona.

— Kuleni, wanangu, kuleni.

Juu kweupe, chini ni kijani.

— Kuleni, wanangu, kuleni.

Masika matatu yalikwisha. Bi Mghoi akasimama kikaoni akasema, "Muda wetu umetimia. Turudi pango moja."

Mwadime akajinyoosha juani. "Kwa nini haraka?" alisema. "Nyasi ndiyo kwanza tamu. Mmesahau njaa? Tuongeze miaka mitatu."

Na wale wengine, nawaambia ukweli, walikuwa wamezoea. Walikuwa wamezoea kulala wakijinyoosha na kula bila kusukumana. Mtoto ni kelele, mtoto ni maziwa, mtoto ni usiku bila usingizi. Wakasema, tuongeze mitatu. Ikaisha, wakasema, tuongeze mitatu. Kila mara walimgeukia Wakesho, na kila mara Wakesho alitazama mbinguni akasema, "Sina neno." Moyoni alisema Mkawasi anashiba, inatosha.

Sasa sikilizeni. Katikati ya ile mitatu ya mwisho, siku moja Mkawasi alipanda kileleni akaketi ubavuni mwa mama yake. Misimu yake mitatu ya kujifunza mbinja alikuwa ameshaimaliza zamani, alikuja tu kukaa. Alitazama mama yake anakotazama.

"Mama," alisema mwishowe, "nina mimba."

Wakesho hakugeuka. "Ya miezi mingapi?"

"Mitatu."

"Nani anajua?"

"Bi Mghoi aliniona ninavyotembea. Na leo Mwadime ameniita. Amesema kesho kikao kitakaa juu yangu. Niende zangu kabla sijajifungua, au mtoto nisimnyonyeshe."

Wakesho akatazama juu. Hakukuwa na kitu juu, Tai alikuwa ameondoka miaka mingi nyuma.

"Mama," alisema Mkawasi, "kesho wewe ndiye mwenye neno la mwisho. Sema neno moja tu."

Kesho yake kikao kikakaa. Mwadime alisema sheria ni sheria, ukimwachia mmoja utawaachia wote, na njaa itarudi. Bi Mghoi alikuwa ameshakuwa mzee wa kuegemea jiwe, alisema neno moja, "Mwacheni," akakohoa. Wakamgeukia Wakesho.

Nimejiuliza mara nyingi, na nyinyi mtajiuliza mkifika nyumbani, kwa nini mama yule hakusema. Alimpenda mtoto wake kuliko macho yake. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyeipitisha ile sheria kwa kinywa chake, mbele ya watu, akililia watoto wake. Wangapi walikuwa wameshazeeka bila mtoto kwa sababu ya neno lake? Alitazama nyuso zao moja moja, za wale majike waliokuwa rika lake, akaona haya.

"Sina neno," alisema Wakesho.

Mkawasi aliinuka. Alishuka mwamba mchana wa jua kali, akaingia nyasini akielekea mwamba mwingine, ule unaoonekana kama nundu upande wa kusini. Wakesho alimsindikiza kwa macho. Na hapo ndipo alipoona jambo ambalo hakuwa amelitazama vizuri miaka yote hiyo. Hatua kumi tu, na mwanawe hakuonekana tena. Nyasi zilikuwa zimemmeza. Alibaki anatazama vichwa vya nyasi vikitikisika, kisha navyo vikatulia, na hakujua mwanawe amefika wapi.

Bi Mghoi alikufa mwezi ule ule. Ukunga wake alikufa nao.

Miaka ikaenda. Ile sheria hakuna aliyeifuta. Haikuwa na haja ya kufutwa, maana siku moja waliangaliana wakakuta hakuna jike wa kuzaa. Walirudi pango moja wakiwa wazee, wakajibana, na lundo lote halikufika nusu ya pango.

Macho ya Wakesho yakaanza kuingia ukungu. Ubavuni mwake pale kileleni jiwe lilikuwa limelainika kwa makalio ya wanafunzi wa zamani, na lilikuwa tupu. Alipomwambia Mwadime kwamba haoni vizuri, Mwadime alisema, "Unahangaika nini? Tai alishakwenda."

Ndiyo, Tai alikwenda. Lakini nyasi ndefu zina mwenyewe. Mnamjua Mondo? Yule paka mwenye miguu mirefu na masikio makubwa, anayewinda kwa kusikiliza. Mondo hakuwahi kuja mwambani, kwa sababu pimbi walikuwa wengi, na wengi wakila nyasi huwa fupi kama zulia, na Mondo kwenye zulia ni kichekesho. Sasa alipita siku moja, akaona nyasi zinafika kifuani, akanusa, akasema, "Hapa wamenilimia shamba."

Akaja. Wakesho kileleni hakuona kitu. Alikuwa anaimba:

Nyasi ni ndefu, naona karibu.

— Kuleni, wenzangu, kuleni.

Juu kweupe, chini sijui.

— Kuleni, wenzangu, kuleni.

Na walipopanda jioni, mmoja hakuwepo. Siku ya pili, mwingine. Siku ya tatu, mwingine tena. Hakuna aliyesikia hata kelele.

Wakesho akawaambia, "Hizi nyasi tuzile. Tuzile mpaka ziwe fupi, niweze kuona."

Wakajaribu. Walikaa chini wakala asubuhi mpaka jioni, wazee wenye meno yaliyolegea, matumbo yakawauma. Walikula mahali padogo pa kutosha kutandika mkeka. Kesho yake mvua ikanyesha, nyasi zikarudi.

Basi wakati huo, kutoka ule mwamba wa kusini, wakatokea pimbi wengi. Vijana, majike wenye mimba, watoto mgongoni. Waliongozwa na dume aliyechanika sikio. Walisimama chini ya mwamba, wakiwa wamekonda.

"Hodi, wazee wetu," alisema yule dume. "Kwetu tumejaa. Tunalaliana, tunagombana, juzi tumezika watoto wanne. Tunawaomba nafasi. Tutakula nyasi zenu, hatukatai, lakini tutalinda na mtalala na joto."

Wakesho aliposikia "tumezika watoto wanne," aliijua njaa hiyo kwa jina. Akasimama pale kileleni, na kwa mara ya kwanza alitoa neno la mlinzi bila kuulizwa.

"Waacheni wapande," alisema. "Mwadime, waacheni wapande leo hii."

Mwadime alikuwa amezeeka, lakini sauti ilikuwa bado ipo. "Nyasi hizi tumezifungia matumbo yetu," alisema. "Tumekosa wana kwa ajili yake. Leo aje mtu na watoto kumi mgongoni azile? Hao wakipanda, baada ya miaka miwili tumerudi kule kule."

"Desturi inasema mlinzi ana neno la mwisho," alisema Wakesho.

"Mlinzi anayeona," alisema Mwadime.

Wale wazee wakanyamaza, na kunyamaza kwao kulikuwa jibu. Yule dume aliyechanika sikio akainamisha kichwa kwa adabu, akawageuza watu wake. Kabla hajaondoka alitazama juu.

"Bibi," alisema, "wewe ndiye Wakesho? Mlinzi wetu ni Mkawasi. Ana watoto watatu, na wote watatu wanajua mbinja. Huwaambia mbinja ile ni ya bibi yao."

Wakesho akajongea ukingoni mwa kilele. Wakaenda. Nyasi zikawafunika.

Kikaja kipupwe cha kwanza. Wazee walijibana, na asubuhi wa pembeni hawakuamka. Kikaja kipupwe cha pili, na sasa pembeni kulikuwa karibu sana na katikati. Kikaja kipupwe cha tatu, wakabaki wawili pangoni, Mwadime na Wakesho, mgongo kwa mgongo.

Asubuhi moja Mwadime hakuweza kusimama. Wakesho alimletea nyasi changa mdomoni, hakuzitafuna.

"Wakesho," alisema Mwadime, "niambie ukweli. Nilikosea wapi? Njaa ile niliiona kwa macho yangu. Nilizika wadogo zangu wawili. Sikuitunga."

"Hukuitunga," alisema Wakesho. "Mwaka wa kwanza hukukosea. Hata mimi nilisema nawe."

"Basi lini?"

Wakesho akafikiri. "Siku tuliyoshiba," alisema. "Tulishiba, tukaona raha, tukaiita raha ile sheria."

Mwadime hakusema tena. Jua lilipofika mlangoni mwa pango alikuwa amekwisha kuwa baridi.

Wakesho akabaki peke yake na mwamba mzima, na nyasi zote. Zilikuwa zimepanda mpaka zinagusa mawe ya chini, tele, tamu, hakuna wa kuzila. Kila siku alipanda kileleni kwa desturi tu, akaketi karibu na lile jiwe tupu, akaimba wimbo ambao hakuwa na wa kumwimbia.

Asubuhi ya mwisho aliimba, akanyamaza. Na kutoka mbali, kusini, ikaja mbinja. Ilikuwa nyembamba, ya mtoto, lakini pale katikati ilipinda kidogo kama alivyoipinda shangazi yake. Wakesho akasimama. Akaimba tena. Mbinja ikajibu, na sasa ilikuwa karibu zaidi. Wajukuu zake walikuwa wanakuja kumchukua. Mkawasi alikuwa amewatuma.

Akashika jiwe, akainama ukingoni. Aliimba, wakajibu. Aliimba, wakajibu, na sasa walikuwa chini ya mwamba, ndani ya nyasi. Alisikia vishindo vyepesi vikija mbio.

Kisha akasikia kitu kingine. Nyasi zilikuwa zinapasuka taratibu, upande mmoja na vile vishindo, nyuma yao kidogo. Huenda ulikuwa upepo. Huenda alikuwa mjukuu mwingine aliyechoka. Wakesho alikodoa macho yake yote mawili, akaona kijani na ukungu, basi.

Akiendelea kuimba, watakuja. Watapanda hapa, atawanusa, atalala leo na migongo mitatu ya wajukuu juu yake. Akipiga mbinja tatu watakimbia kwa vile ndivyo walivyofundishwa, watarudi kwao, na hawatakuja tena kwenye mwamba wenye hatari. Na kama ni upepo tu, atakuwa amewafukuza bure.

Mkawasi alimwomba neno moja, akasema hana; na wale wa kusini alipowasemea, alikuwa amechelewa. Safari hii hakuna aliyemwuliza.

Wakesho akapiga mbinja ya kwanza. Akapiga ya pili. Akapiga ya tatu, mbinja nzuri kabisa.

Vile vishindo vyepesi vikakatika ghafla, kisha vikatawanyika, vikaelekea kusini mbio. Wakesho akatega sikio akavihesabu. Mmoja. Wawili. Watatu. Wote watatu walikwenda, mpaka hakuwasikia tena.

Nyasi zilizokuwa zikipasuka taratibu hazikukimbia. Ziliendelea kupasuka, zikija juu, upande wake. Wakesho akaketi chini mahali pake, akaegemea lile jiwe lililolainika, akaimba kwa sauti ndogo. Mwitikieni, maana yeye hakuwa na wa kumwitikia:

Nyasi ni ndefu, sioni kitu.

— Nendeni, wanangu, nendeni.

Juu kweupe, chini nasikia.

— Nendeni, wanangu, nendeni.

Mwamba upo hata leo. Kule kusini bado wanalaliana na kugombania majani, na huku nyasi zinakauka zenyewe kila kiangazi. Katikati yao analala Mondo, na amenenepa.

Mnataka funzo? Haya, chukueni. Msimcheke anayesema tumezidi, njaa yake huenda ni ya kweli. Msimcheke anayesema tunaisha, baridi yake huenda ni ya kweli. Wote wawili waliona. Wasiloona ni kwamba sheria ya siku ya njaa ina siku yake ya kuvuliwa, na anayepaswa kusema, aseme siku anayoulizwa. Aliyebanwa na aliyebaki peke yake walikuwa nusu siku tu ya mwendo, na kilichowatenga ni nyasi.

Hadithi niliikuta mlangoni, naiacha mlangoni. Mkitoka, angalieni msiikanyage. Na mwenye mzee pangoni, akalale karibu naye leo.

— Tumesikia, tunakwenda!

Nendeni, wanangu, nendeni.